SOMO: Kuunganisha tafiti za fMRI za hofu kwa ALE (soma kabla ya kuja inbox)

Wakuu, nimechoka kujibu hili mmoja mmoja. fMRI ni skani ya ubongo ukiwa kazini; ALE ni hesabu ya kutafuta ni wapi ubongoni tafiti nyingi zinakutana.

1. Swali liwe jembamba: nyuso za hofu dhidi ya nyuso tulivu. "Hisia" tu haitoshi.

2. Kusanya majaribio 17 au zaidi, ndivyo walivyoshauri Eickhoff na wenzake (2016). Yakiwa machache, jaribio moja linaweza kubeba matokeo yote.

3. Chukua tafiti zilizopima ubongo mzima tu. Ukiingiza waliotazama amigdala (sehemu ndogo ndani ya ubongo) peke yake, utaiona amigdala kwa sababu umeiweka mwenyewe.

4. Hapa ndipo watu wanaharibu kazi. Namba za x, y, z (mahali ubongo ulipoamka) huwa za MNI au za Talairach, ramani mbili tofauti za ubongo. Ubongo wa kigezo wa MNI ni mkubwa zaidi, na pembezoni tofauti inaweza kukaribia milimita 10. Amigdala ni kama lozi. Ukiteleza kidogo umeingia hipokampasi, jirani yake. Usiamini kichwa cha jedwali, soma sehemu ya mbinu: programu za SPM na FSL hutoa MNI, lakini wengi wa zamani waliligeuza jedwali kuwa Talairach kwa mni2tal, fomula ya Brett. Hizo zirudishe kwa fomula ya Brett ileile, SI ya Lancaster (fomula nyingine ya kugeuza). Halafu kagua alama ya kutoa: ukinakili kutoka PDF hupotea, na kushoto kunageuka kulia.

5. Faili la GingerALE (programu ya kuendesha ALE): juu //Reference=MNI. Kila kundi liwe na jina lake, //Subjects=20, namba, kisha mstari mtupu. Watu walewale wakilinganishwa mara tatu, bado ni kundi moja.

6. Kizingiti: vokseli (vijisanduku vya picha ya ubongo) p<0.001, vishada (vokseli zilizoshikana) FWE (kusahihisha kwa kupima mara nyingi) 0.05, marudio ya nasibu 1000 kwenda juu.

Mdau_Moro: Mkuu nina tafiti 6, niendelee?
— Hatua ya 2.

Kipepeo: Jedwali halisemi MNI wala Talairach. Nikadirie?
— Usikadirie. Angalia programu waliyotumia. Ikishindikana waandikie, wasipojibu, utoe utafiti huo na useme umeutoa.

Mdau_Moro: Nimeuliza tu, mbona mkali?
— Jibu limeandikwa hapo juu, mkuu.

Bi_Nuru: Kishada kikitokea amigdala, ndiyo nyumba ya hofu?
— Swali zuri, dada. Hapana. ALE inasema mtu akioneshwa hofu, hapo huamka mara nyingi. Haisemi kwamba pakiamka basi ni hofu. Lindquist na wenzake (2012) hawakupata eneo la hisia moja pekee, na amigdala huamka hata kwa karaha au kitu kigeni. Vytal na Hamann (2010) nao, kwa ALE, waliona hisia zinatofautishika. Wasome wote. Halafu endesha hofu na karaha kila moja peke yake, ndipo uzilinganishe.

Kipepeo: GingerALE toleo gani?
— 2.3.6 kwenda mbele. Matoleo ya nyuma yake yalikuwa na kasoro kwenye kusahihisha vishada. Ukisoma makala ya zamani, angalia toleo kabla hujayaamini matokeo.