Fungu la punda: namna ya kushirikiana punda wa nyumbani na jirani

Zabibu ni punda jike wa nyumba yetu hapa Langoni, Lamu. Tangu wanangu wahamie Mombasa kazi zake zimepungua: maji Ijumaa, nazi za shamba Jumamosi, basi. Siku nyingine akizurura vichochoroni akiokota chochote, na punda anayezurura mjini hula hata plastiki. Ndipo nikatafuta mtu wa kushirikiana naye. Nimefanya hivyo mara mbili. Ya kwanza niliijutia, ya pili imeingia mwaka wa tatu.

Kwanza mjue mnachofanya kinaitwaje, maana hapo ndipo majirani wanapogombana. Kuazima ni bure, na kuna siku ya kurudisha. Kukodisha ni pesa ya siku, na anayekodi atataka pesa yake irudi, kwa hiyo punda atapakiwa mpaka Magharibi. Mimi nilichagua ubia, kwa hesabu ya mashua. Wavuvi wakirudi na samaki hawagawani mtu na mtu tu. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, kisha mabaharia. Sisi nasi, katika kila shilingi 100 anazopata kijana ninayeshirikiana naye, 20 ni fungu la punda, 30 zangu, 50 zake. Fungu la punda hutolewa mwanzo, likanunua wishwa na majani, na haliguswi hata siku ya kazi mbovu. Kijana aliniuliza, "Mama, na punda naye ana mfuko?" Nikamwambia anao, naushika mimi.

Usipatane na mtu kabla hujamwona akimtandika punda na, zaidi ya hapo, akimtandua. Yule wa kwanza alikuwa na maneno matamu, nami sikumjaribu. Baada ya wiki mbili niliinua soji, lile tandiko la mgongoni, nikakuta kidonda cha ukubwa wa kisahani, nzi wamejaa. Soji yenyewe ilikuwa gunia tupu lililokunjwa, na juu yake alikuwa akipakia mifuko miwili ya saruji.

Huyu wa pili nilimwita alasiri, nikampa Zabibu na kazi moja ya kutoka gatini, nikakaa barazani kumngoja. Aliporudi alifungua kamba upande huu, kisha ule, akainua soji badala ya kuiburuta. Halafu akapitisha kiganja mgongoni, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na wala sikumwambia. Mahali pamoja akasita, akarudia. "Hapa pana joto, Mama." Nikaweka mkono wangu: kweli, na manyoya yalikuwa yamelala kinyume. Nikamwambia aje kesho na kitambulisho chake.

Kiganja hicho tukakifanya sharti la kila jioni, kabla hata ya maji. Punda huficha maumivu. Ukimwona anachechemea, ujue ameumia zamani.

Mzigo tuliuandika kwa mifuko. Ukisema "usimchoshe", kila mtu ana tafsiri yake. Zabibu ana kilo 150 hivi, na theluthi ya uzito wake inamtosha: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mafundi watacheka, watasema punda wa fulani anabeba miwili. Wacheke. Mtoto akitaka kumpanda wakati wa kurudi mtupu, apande. Mtu mzima atembee kando. Saa sita mpaka saa tisa yuko kivulini, na debe moja la maji kwa siku si anasa.

Kuna jambo nililolijua kwa kukosea. Mwanzoni kijana alimlaza Zabibu kwao mtaa wa Wiyoni, peke yake, na huku nyumbani nikabaki na punda mkongwe aliyekua naye. Usiku kucha yule wa huku akilia, na wa kule hakugusa chakula siku mbili. Punda wana wenzao, na asiyekula si wa kungojewa kesho, anaweza kufa. Sasa analala kwangu, na kijana humchukua asubuhi. Mkikaa mbali, wapelekeni wawili pamoja.

Matibabu hayakutupa shida, kwa kuwa The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, wako hapa Lamu tangu 1987 na kutibiwa ni bure. Tulichoandika ni nani anampeleka: aliye na punda siku hiyo. Kwato zinapunguzwa kila wiki 6 hadi 8, na hilo nalibeba mimi.

Sasa mtoto. Punda jike hubeba mimba karibu miezi 12, na huioni mpaka tumbo limeshajaa, kwa hiyo semeni mapema mtoto ni wa nani. Kwetu wa kwanza ni wangu, wa pili wake, na miezi mitatu kabla ya kuzaa na mitatu baadaye mama hapakiwi kitu. Kijana hakulipenda sharti hilo, kwa sababu ni nusu mwaka bila kazi. Tulibishana siku mbili, tukaishia kwamba akiba ya fungu la punda itamsaidia kukodi mwingine.

Na asimwazime mtu wa tatu, hasa siku za Maulidi, vijana wa mbio za punda wanapowatafuta nyumba kwa nyumba. Zabibu na kitambi chake hawezi mbio, lakini nani atawaambia?

Mengine ni mepesi: mwezi mmoja wa majaribio, picha za simu za mgongo na kwato zote nne siku ya kwanza, na yeyote akitaka kuacha atoe wiki mbili. Tuliandika kwenye daftari la shule, nakala mbili, mzee wa mtaa akiwa shahidi. Kijana akatia sahihi barazani, nami nikatia yangu. Tukawa tunatafuta wino wa dole gumba la mzee, na ndiyo maana nakala yangu haina kona ya chini: Zabibu alikuwa amefungwa karibu.