Jinsi ya kuonja kahawa nzuri nyumbani, mashine ya bei ghali haihitajiki

Jamani kama umezoea ile kahawa ya kopo ya kukoroga tu, naomba wikiendi moja ujaribu hivi. Nunua kahawa iliyokaangwa ikiwa bado punje nzima, na kwenye pakti tafuta tarehe ya kukaangwa, ikiwa ndani ya mwezi mmoja uko vizuri. Chukua pakti mbili ndogo za aina mbili tofauti za kahawa, arabika ya Kilimanjaro (hata ya Mbinga au Mbozi ni nzuri sana) na robusta ya Bukoba. Ukikuta imeandikwa AA usibabaike, hiyo ni punje kubwa tu, ukubwa peke yake hauleti utamu.

Saga dakika hiyohiyo unayotaka kunywa, maana ikishasagwa harufu inakimbia haraka mno. Kimashine cha mkono kinatosha, hata kinu na mchi, ila isiwe laini kama vumbi, itatoka chungu na chini matope matupu.

Maji yachemke, epua, subiri nusu dakika. Gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, huna mizani basi vijiko vitatu vya chakula visivyofurika. Weka kila aina kwenye chombo chake, mimina kwanza maji kidogo ya kulowesha tu halafu inama uangalie, unga unaumuka kama donge la maandazi, vipovu vinapasuka kimoja kimoja, hiyo ni hewa iliyobaki ndani tangu kukaangwa, na isipoumuka kabisa ujue kahawa imekaa sana. Nusa hapo hapo, aisee! Baada ya nusu dakika malizia maji, funika dakika 4, chuja na chujio la chai.

Sukari bado, tafadhali. Acha ipoe kidogo maana ikiwa ya moto sana ulimi hausikii kitu, kisha ifyonze kwa sauti kama wazee wa barazani na vikombe vyao vidogo, ile hewa ndo inapandisha harufu mpaka puani. Ya Kilimanjaro ina uchachu wa mbali kama wa tunda, ya Bukoba nzito, chungu, inang'ang'ania mdomoni, mi naishushia na kashata. Kunywa hizi mbili kwa zamu, funda hapa funda pale, usiharakishe, kila zikipoa ladha inabadilika, na ya Kilimanjaro ikishakuwa vuguvugu ndo utamu wake unajitokeza hata bila sukari.