Gari Lililoingiwa na Maji ya Mafuriko: Litengenezwe au Liachwe?

Maji ya mafuriko yakishapungua, mwenye gari hutamani kuliwasha ili ajue kama bado ni zima, na hilo ndilo jambo ambalo hapaswi kulifanya. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Yakiwa yamejaa kwenye silinda, pistoni inayopandishwa na stata huyagonga yasipate pa kwenda, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Injini ambayo ingeokolewa kwa kukaushwa na kubadilishwa oili huishia kuwa injini ya kununuliwa upya. Kwa hiyo ufunguo ubaki mfukoni, waya wa hasi wa betri ufunguliwe iwapo unafikika bila kusimama majini, na gari lipelekwe gereji likiwa limebebwa, kwa kuwa kulisukuma ili liwake kunaleta madhara yale yale.

Magari ya umeme na ya haibridi, yaani yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, yana hatari ya ziada. Nyaya zake nene za rangi ya chungwa zinabeba umeme mkubwa na hazifai kuguswa na mtu asiye na mafunzo, na betri ya lithiamu iliyozama, hasa katika maji ya chumvi, inaweza kushika moto siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye. Gari la namna hiyo liegeshwe mahali pa wazi, umbali wa takribani mita 15 kutoka kwenye nyumba na magari mengine, na kamwe lisiingizwe bandani.

Kabla ya kufuta tope, piga picha. Mstari ambao maji yameuacha kwenye milango, viti na dashibodi ndio ushahidi mkubwa kuliko yote, na ukishasafishwa haurudi. Piga pia namba ya gari na chumba cha injini, kisha ujulishe kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Bima kubwa kwa kawaida hufidia mafuriko, ingawa ni lazima mkataba usomwe, ilhali bima ndogo, ambayo hulinda watu wengine tu, haitakulipa chochote kwa gari lako mwenyewe. Matengenezo yasianze kabla mkaguzi hajafika, lakini kufungua milango na kutoa mazulia yaliyolowa kunaruhusika na kunahitajika, maana ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili.

Uamuzi wenyewe hutegemea zaidi kimo cha maji. Yaliyoishia kwenye magurudumu hudai ukaguzi wa breki, beringi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), na kwa kawaida gari hupona. Yaliyopita juu ya sakafu yanahitaji viti ving'olewe na zulia litolewe lote pamoja na sponji iliyo chini yake, kwa sababu sponji hiyo hushika maji hata zulia likiwa limekauka juu. Yakifika kwenye viti, hesabu inaanza kuwa ngumu. Yakigusa dashibodi, kwa magari mengi ya kisasa ushauri wangu ni kuachana nalo. Maji ya bahari yanafanya kila kiwango kiwe kibaya zaidi, na muda ambao gari limekaa majini una uzito wake pia.

Fundi aanze na oili. Kijiti cha kupimia kikitoka na oili yenye rangi ya maziwa, au ikiwa imepanda kupita alama ya juu, maji yameingia. Chujio la hewa lililolowa ni dalili kwamba huenda maji yamefika kwenye silinda. Plagi zifunguliwe na injini izungushwe taratibu kwa spana ili maji yatoke, na isiwashwe kabla ya oili na filta mpya. Giaboksi na difu zikaguliwe vilevile, kwani difu yenye joto ikizama ghafla hupoa na kuvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Mafuta ya breki, ambayo kwa asili hufyonza unyevu, yabadilishwe, na tangi la mafuta likaguliwe.

Mfumo wa umeme ndio unaowadanganya wengi. Gari linaweza kuwaka na kutembea vizuri, huku kutu ikiendelea kula viungio vya nyaya, na hitilafu zikaja kujitokeza baada ya miezi. Kifaa kinachoongoza mifuko ya hewa, ile inayofumuka kuwakinga abiria ajali ikitokea, katika magari mengi kimefungwa chini, kati ya viti vya mbele, na kikishazama hubadilishwa. Kukikausha na kukirudisha ni kucheza na maisha ya abiria.

Mwambie fundi aandike makadirio ya injini, umeme na ndani ya gari kila moja peke yake, kisha uyalinganishe na bei ambayo gari hilo lingeuzwa likiwa limetengenezwa lakini linajulikana kuwa lilizama, si bei yake ya kabla ya mafuriko. Mimi ningesimama makadirio yakifika nusu ya thamani hiyo, kwa kuwa makadirio ya gari la mafuriko huongezeka kila kifuniko kinapofunguliwa. Bima ikitamka kwamba gari limeharibika kabisa, unaweza kupewa nafasi ya kubaki na mabaki huku thamani yake ikikatwa kwenye malipo. Ikubali tu kama una mnunuzi wa vipuri au gereji yako mwenyewe.

Ukiliuza zima, mnunuzi aelezwe kwa maandishi kwamba liliingiwa na maji na yalifika wapi. Ukiliuza vipande vipande, milango, vioo, boneti na rimu bado vina soko zuri, lakini mifuko ya hewa, mikanda yenye vifaa vya umeme na kompyuta za gari zilizozama zisiuzwe kwa mtu yeyote.