Kinywaji cha kokoa cha Waazteki: anza kwa kuhesabu mbegu

Mbegu 40 za kokoa zinatosha vikombe viwili vya kinywaji hiki. Mwaka 1545 huko Tlaxcala, Meksiko, mbegu hizo 40 zingekununulia sungura mdogo na nyanya kumi kubwa. Kwa hiyo mizani iache kabatini. Waazteki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Meksiko kabla ya Wahispania, walitumia mbegu za kokoa kama fedha na walizihesabu, na kuhesabu kunakulazimisha kuitazama kila mbegu, jambo ambalo hata mpishi analihitaji.

Hatua ya 1: Tafuta mbegu zilizovundikwa

Tanzania tunayo kokoa nzuri ya Kyela. Omba iliyovundikwa siku tano hadi saba, kisha ikaanikwa juani. Pasua moja kwa kisu: ndani iwe ya kahawia yenye nyufanyufa. Ikiwa ya kijivu na imeshikana, haikuvundikwa vizuri. Utapata uchungu na ukakasi tu, hata uikaange vipi.

Mti wenyewe asili yake ni msitu wa Amazon. Huko Santa Ana-La Florida, Ekuado, yamepatikana mabaki ya kokoa ndani ya vyombo vya miaka takriban 5,300 iliyopita. Lakini waliompa mfanyabiashara mbegu hizi kama malipo ni watu wa Meksiko na Amerika ya Kati.

Hatua ya 2: Hesabu, chambua, bonyeza

Usiiruke hatua hii. Hesabu kwa mafungu ya ishirini kama Waazteki: ishirini mara ishirini ni 400, na 400 mara ishirini ni 8,000. Magunia matatu ya mbegu 8,000 yalikuwa mzigo mmoja wa mchukuzi, yaani mbegu 24,000. Mji wao mkuu, Tenochtitlan, ulikuwa nyanda za juu penye baridi, ambako mkokoa hauoti. Kokoa ililetwa kama ushuru kutoka mikoa ya joto kama Xoconochco, kwenye pwani ya Pasifiki, kwa migongo ya watu. Fedha isiyoota uani kwako ina thamani.

Sasa tenga zilizojaa na zilizosinyaa. Orodha ya bei ya Tlaxcala ya mwaka 1545 nayo ilizitenga: bata mzinga jike aliuzwa kwa mbegu 100 zilizojaa, au 120 zilizosinyaa. Yai lake lilikuwa mbegu tatu. Parachichi lililochumwa karibuni tatu, lililoiva kabisa moja.

Kisha bonyeza kila mbegu kwa vidole. Mtawa Bernardino de Sahagún, aliyekusanya habari za maisha ya Waazteki katika karne ya 16, anaeleza wauzaji waliotengeneza mbegu bandia kwa nta, unga wa mbegu za mchicha uliokandwa au vipande vya kokwa la parachichi, na kuzichanganya na halali. Fedha hii iliendelea hata chini ya Wahispania. Mwaka 1555 walipanga mbegu 140 kwa sarafu moja ya real.

Hatua ya 3: Kaanga

Kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, na mkono usiache kukoroga. Mkaa ukiwa mkali, ganda linaungua huku ndani kungali kubichi. Niliwahi kupoteza fungu zima kwa haraka hiyo. Zikianza kualika na harufu kugeuka kutoka uchachu kuwa tamu, epua.

Hatua ya 4: Menya na pepeta

Zikipoa kidogo, zivunje kwa viganja, tia kwenye ungo, pepeta. Maganda yataruka.

Hatua ya 5: Saga

Waazteki walitumia jiwe la kusagia. Ukiwa nalo, lipashe joto. Kinu kidogo cha kutwangia viungo kinafaa pia, ukikisuuza kwa maji ya moto na kukikausha kabisa. Karibu nusu ya mbegu ni mafuta, kwa hiyo baada ya robo saa unga utaanza kung'aa, kisha kushikamana, kisha kulainika kama siagi ya karanga. Usitie tone la maji kabla hapo.

Hatua ya 6: Changanya

Tia pilipili kavu moja iliyosagwa, vanila kidogo, na kijiko cha unga wa mahindi ukipenda kizito. Pilipili, vanila na mahindi vyote asili yake ni Amerika. Maziwa na sukari ya miwa viweke kando: ng'ombe na miwa vilifika huko na Wazungu. Asali walikuwa nayo, kijiko kimoja kinaruhusiwa. Mimina maji ya uvuguvugu mililita 400 kidogokidogo huku ukikoroga. Ukitia unga wa mahindi, chemsha kwanza dakika chache ili uive, kisha acha ipoe.

Hatua ya 7: Toa povu

Povu ndilo lililothaminiwa kuliko yote. Kuna chombo cha Wamaya, watu wengine wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati, chenye mchoro wa mwanamke aliyesimama akimimina kinywaji kutoka chombo kimoja kwenda kingine kilicho chini. Fanya hivyohivyo: jagi mbili, moja usawa wa kifua, nyingine chini, mimina na kurudisha mara ishirini au zaidi. Povu la kahawia likijaa juu, lichote kwa kijiko uligawe kwenye vikombe kwanza, kisha mimina kilichobaki taratibu pembeni. Kunywa upesi, maana unga wa kokoa huzama chini. Ukizama, tikisa kikombe uendelee.