Roketi ya Chupa Uani

Tafuta chupa ya soda ya lita 1.5. Ya maji ya kunywa haifai, ni laini mno. Bandika mapezi matatu ya kadibodi ngumu kwa selotepu karibu na mdomo, kwa kuwa itaruka mdomo ukitazama chini.

Kizibo ndicho kilichotutoa jasho. Chonga kizibo cha mpira kiingie kwa kubana hasa, kisha kitoboe upenyeze sindano ya kujazia mipira. Sindano yetu ya kwanza ilikuwa fupi kuliko kizibo. Tulipiga pampu weee, chupa kimya!

Tia maji nusu lita tu, hewa nayo inataka nafasi. Isimamishe kati ya matofali, unganisha pampu ya baiskeli kwa mpira mrefu, vaa miwani, kaeni mbali. Kizibo kikichomoka, maji huenda chini na chupa juu: kanuni ya tatu ya mwanasayansi Newton, ya mwaka 1687, kwamba kila msukumo hujibiwa na msukumo sawa wa upande wa pili.

Ikigoma, toa upepo kwanza kupitia pampu, usiisogelee. Rafiki yangu aliinama kuchungulia. Ikapita kando ya sikio lake, fyuuu, akabaki amelowa chapachapa.