Namna ya kupunguza gharama za dawa za mbwa na paka

Hela nyingi hupotea kwa kununua jina la boksi badala ya dawa iliyomo ndani, na kwa kununua nguvu isiyolingana na uzito wa mnyama. Yote mawili hurekebishwa kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Pima uzito. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako. Tofauti ndiyo uzito wake. Kitoto cha paka kipime kwa mizani ya jikoni. Usikadirie kwa macho, kwa sababu dawa za viroboto huuzwa kwa madaraja ya uzito: ukinunua daraja la chini haitafanya kazi, utarudi kununua tena.

Hatua ya 2: Omba cheti cha dawa. Daktari aandike jina halisi la dawa, siyo la kibiashara tu, pamoja na nguvu, dozi na idadi ya siku. Mwambie wazi kwamba unatafuta nafuu, na umuulize kama dawa hiyo hiyo ya kiwanda kingine itafaa.

Hatua ya 3: Hesabu bei ya dozi, siyo ya boksi. Tuseme mbwa wa kilo 12.5 ameandikiwa karprofeni (dawa ya maumivu) miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku, siku 14. Kila dozi ni miligramu 25, jumla dozi 28. Unaweza kununua vidonge 28 vya miligramu 25, au vidonge 14 vya miligramu 50 na kuvikata nusu. Kidonge chenye nguvu maradufu mara nyingi hakiuzwi bei maradufu, kwa hiyo linganisha jumla zote mbili.

Kata kidonge chenye mstari wa kukatia tu, kwa kikata vidonge, kimoja kimoja kadiri unavyotumia. Nusu iliyobaki iwe dozi inayofuata. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havikatwi kabisa: dawa ya saa nyingi itaingia mwilini kwa mkupuo. Kapsuli nazo usizigawe.

Hatua ya 4: Maliza chanzo. Kuna tegu, minyoo bapa ya tumboni, ambao mbwa na paka huwapata kwa kumeza viroboto. Ukitoa dawa ya minyoo ukaacha viroboto, tegu watarudi na hela yako imeenda. Tibu wanyama wote wa nyumbani siku moja na ufue matandiko yao kwa maji ya nyuzi 60, maana mayai na viluwiluwi vya viroboto vimejaa humo kuliko mwilini.

Pasipofaa kubana. Parasetamoli huua paka, hata kidonge kimoja. Ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini usimgawie paka hata tone. Humletea mitetemeko na degedege. Hapo hakuna nafuu, kuna msiba.

Hatua ya 5: Tunza dawa za maji. Amoksilini yenye klavulaniki (dawa ya kuua bakteria) ya unga, ikishachanganywa na maji, hukaa kwenye friji siku 10 tu. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye chupa. Kama matibabu ni ya siku 14, omba chupa mbili ndogo badala ya moja kubwa, na ya pili uichanganye ya kwanza ikifika mwisho wa siku zake.