Namna ya Kuripoti Tukio la Nusura Ajali Kwenye Saiti ya Ujenzi

Klempu, yaani kifungio cha kuunganishia mabomba ya jukwaa la chuma, ina uzito wa kilo moja hivi. Ikimponyoka fundi aliye kwenye kimo cha mita 12, yaani kama ghorofa ya nne, hufika chini kwa mwendo wa takribani kilomita 55 kwa saa, na pigo lake huzidi lile ambalo kofia ngumu za kawaida hupimiwa kiwandani. Isipompata mtu, mara nyingi husikika kicheko, mmoja husema "umenikosakosa!", klempu huokotwa na kazi huendelea. Mwongozo huu unahusu yale yanayopaswa kufanyika baada ya kicheko hicho. Nimewaandikia maafisa usalama, maforemani na wawakilishi wa wafanyakazi kwenye saiti za ujenzi, ingawa mwenye karakana au ghala anaweza kuutumia kwa kubadilisha mifano tu.

Niseme mapema kwamba fomu si tatizo. Fomu za nusura ajali zipo nyingi na nyingine ni nzuri sana, lakini zinabaki tupu kwenye droo kwa sababu mtu wa kwanza aliyeripoti aligombezwa au hakujibiwa kabisa, na wenzake wakaona. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua ya tatu na ya tano.

Hatua ya 1: Kubalianeni kinachoripotiwa

Tukio la nusura ajali ni jambo ambalo limekwisha kutokea, lingeweza kuumiza mtu au kuharibu mali, lakini halikufanya hivyo. Ukuta wa shimo la msingi umemomonyoka wakati watu wamekwenda kula. Ndoo ya zege imeyumba kwenye winchi na kupita juu ya vichwa vya watu. Kibarua ameteleza ngazini akawahi kujishika. Mbao ya kukanyagia iliyopasuka lakini haijavunjika ni hatari, si tukio, kwa maana ya vitabu. Hata hivyo, usimtwishe kibarua kazi ya kutofautisha. Pokea vyote viwili, kisha karani au afisa usalama aviainishe mwenyewe anapoviingiza kwenye daftari.

Katika kikao cha asubuhi, kabla watu hawajapanda, swali lisiwe "kuna aliye na taarifa ya usalama?", kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa ukimya. Uliza: "Jana nani alikoswakoswa?" Mafundi wataanza kutazamana na kucheka, na hapo ndipo utakapopata habari.

Hatua ya 2: Zuia tukio lisijirudie papo hapo

Kabla ya kalamu, simamisha kazi inayohusika, ondoa watu chini ya jukwaa, zungushia eneo utepe au kamba, zima mashine ikiwa ndiyo chanzo. Piga picha kabla ya kitu chochote kusogezwa, mradi kupiga picha hakumwingizi mtu kwenye hatari ileile. Hatua hii ni ya dakika chache na haihitaji ruhusa ya ofisi. Foremani yeyote, na mfanyakazi yeyote aliye karibu, awe amekwisha kuambiwa kwamba ana mamlaka ya kuichukua.

Hatua ya 3: Andika kilichoonekana, si hukumu

Taarifa nyingi huandikwa hivi: "Fundi alikuwa mzembe akaangusha klempu. Ameonywa." Sentensi hizo mbili haziwezi kumsaidia mtu yeyote kuzuia klempu ya pili, maana hazisemi ilianguka kutoka wapi, kwa nini ilikuwa mkononi, nani alikuwa chini, wala ni nini kilichopaswa kuizuia. Tena zimekwisha kumhukumu mtu kabla ya uchunguzi.

Linganisha na hii: "Saa 4:20 asubuhi, upande wa mashariki wa jengo, jukwaa la ghorofa ya nne. Fundi alikuwa akifungua kiunga cha bomba, akishika spana kwa mkono mmoja na klempu kwa mwingine. Klempu iliteleza, ikapita kwenye pengo kati ya mbao na ukuta, ikaangukia njia ya mikokoteni. Vibarua wawili walikuwa wamepita hapo muda mfupi kabla. Upande huo hauna ubao wa kuzuia vitu pembeni wala neti. Njia imefungwa, na mikokoteni inapitia upande wa magharibi."

Katika taarifa hiyo mna mambo matano: mahali na saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, kilichotokea kwa mpangilio wake, kingeweza kumpata nani, na kilichofanyika mara moja. Hayo yanatosha. Jina la fundi halikutajwa, na halikuhitajika. Ukiongeza vipengele ishirini kwenye fomu, utapata fomu zilizojazwa na watu wa ofisini peke yao. Andika siku hiyohiyo, maana kumbukumbu za tukio ambalo halikumuumiza mtu hufutika haraka kuliko za ajali yenyewe.

Hatua ya 4: Weka njia zaidi ya moja ya kupeleka taarifa

Saiti ina watu wanaoandika vizuri na wasiopenda kuandika kabisa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa afisa usalama ni taarifa kamili, mradi yeye auandike kwenye daftari. Karatasi iliyotumbukizwa kwenye sanduku bila jina ni taarifa. Maneno aliyoambiwa mwakilishi wa wafanyakazi wakati wa chai ni taarifa pia. Sanduku lisiwekwe mlangoni mwa ofisi ya msimamizi, ambako kila anayelikaribia anaonekana.

Wafikirie hasa vibarua wa kutwa. Fundi wa ajira ya kudumu akiripoti, kesho atarudi kazini. Kibarua anajua kwamba kesho asubuhi anaweza kuachwa getini bila maelezo. Kwa sababu hiyo taarifa zake zipitie kwa mtu asiye na kauli juu ya nani aingie kazini siku inayofuata.

Hatua ya 5: Andaa jibu la kwanza

Hapa ndipo mfumo unapoishi au kufa. Foremani anapoambiwa "bosi, klempu imedondoka", maneno yake ya kwanza yatajulikana saiti nzima kabla ya saa ya chakula. Kama ni "nani kaidondosha?", umepata taarifa yako ya mwisho. Mfundishe aulize kwanza "kuna aliyeumia?", kisha "njoo unionyeshe", halafu amshukuru mtoa taarifa mbele ya wenzake ikiwa mwenyewe hana shida na hilo. Maneno hayo yaigizwe kabisa kwenye mafunzo ya maforemani, kwa sababu mtu aliyezoea kufoka hataacha kwa kusoma waraka.

Sekta ya ndege ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya abiria ya TWA, safari namba 514, iligonga mlima huko Virginia, Marekani, ilipokuwa ikielekea kutua katika uwanja wa Dulles, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine walikuwa wameuelewa vibaya utaratibu uleule wa kushuka, wakaukwepa mlima kwa chupuchupu. Wao waliripoti, na shirika lao likawaonya marubani wake. Onyo halikuvuka ukuta wa kampuni. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa taarifa za usalama wa anga unaoendeshwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ambayo haina mamlaka ya kumwadhibu rubani, na anayeripoti ndani ya siku 10 kosa ambalo hakulikusudia hukingwa dhidi ya adhabu. Kwenye saiti funzo ni la pande mbili: anayepokea taarifa asiwe ndiye anayeadhibu, na taarifa ya kontrakta mdogo mmoja iwafikie makontrakta wote wanaofanya kazi kwenye jengo hilo.

Hii haina maana kwamba hakuna kosa linaloadhibiwa. Anayeifunga kwa makusudi swichi ya usalama ya winchi isifanye kazi, baada ya kuelekezwa, atashughulikiwa kwa taratibu za kinidhamu. Mpaka huo uandikwe na usomwe kwa wote mapema, usije ukachorwa baada ya tukio kulingana na aliyehusika ni ndugu wa nani.

Futa pia zawadi za "siku kadhaa bila ajali" ikiwa timu nzima hunyimwa bonasi kwa tukio moja. Nimeona vidonda vikifungwa kwa kitambaa na kufichwa ndani ya glovu kwa ajili ya bonasi ya namna hiyo; sembuse tukio lisiloacha hata mchubuko.

Hatua ya 6: Pima kwa kilichoweza kutokea

Daftari likishapata taarifa kumi, huwezi kuzichunguza zote kwa kina kilekile. Jiulize maswali mawili: kama bahati isingekuwapo, madhara mabaya kabisa yanayowezekana ni yapi, na hali hiyo inajirudia mara ngapi? Klempu kutoka mita 12 ni kifo kinachowezekana, hivyo inachunguzwa leo. Mtu kujikwaa kwenye bomba la maji kunarekebishwa leo pia, lakini hakuhitaji kikao.

Utakutana na piramidi ya Heinrich, mtaalamu wa usalama kazini wa Marekani, ya mwaka 1931, isemayo kwamba kwa kila jeraha kubwa 1 kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyo na jeraha. Isikupe imani kwamba ukipunguza kujikwaa, vifo vitapungua vyenyewe. Visababishi vya kifo kwenye ujenzi, kama kuanguka kutoka juu, kufukiwa na udongo, umeme na mizigo inayoning'inia, vina mkondo wake na vinastahili kutafutwa kwa majina.

Hatua ya 7: Tafuta sababu, kisha rekebisha

Turudi kwa klempu. Kwa nini iliteleza? Fundi alikuwa na mkono mmoja tu huru. Kwa nini? Hakuwa na mkoba wa kiunoni wa kuwekea klempu. Kwa nini ilifika njiani? Ubao wa pembeni ulikuwa umeondolewa ili kupitisha mabomba na haukurudishwa. Kwa nini njia ya mikokoteni ipo chini ya jukwaa linalofunguliwa? Kwa sababu mpango wa kazi wa siku hiyo haukumfikia msimamizi wa vibarua. Ukiacha kuuliza kwenye jibu la kwanza, utaishia kumwambia fundi awe makini.

Marekebisho yaanze na yale yasiyotegemea umakini wa mtu: kuhamisha njia ni bora kuliko kubandika bango, ubao na neti ni bora kuliko onyo, na kofia ngumu inabaki kuwa kinga ya mwisho. Kila rekebisho liwe na jina la mtu mmoja na tarehe. "Idara ya usalama" si mtu.

Hatua ya 8: Rudisha majibu

Katika saa 24 mtoa taarifa aambiwe taarifa yake imepokewa; katika kikao cha asubuhi kinachofuata wote waambiwe nini kimebadilika. Ikiwa fedha za neti hazijapatikana, sema hivyo, na sema njia itabaki imefungwa hadi lini.

Hatua ya 9: Kumbuka upande wa sheria

Matukio mengine hayaishii kwenye daftari lako. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kumjulisha ofisa wa usalama wa eneo lake si ajali tu bali pia matukio ya hatari, na kreni kuanguka ni mojawapo hata kama hakuna aliyeguswa. Tanzania, fuata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na maelekezo ya OSHA, wakala wa serikali unaosimamia usalama na afya mahali pa kazi. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 nao, katika kifungu cha 19, unaeleza kwamba mfanyakazi aripoti mara moja kwa msimamizi wake hali anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni hatari kubwa na ya karibu, na kwamba mwajiri hawezi kumrudisha kazini hapo hadi hatari hiyo ishughulikiwe.

Daftari lisomwe kila mwezi. Taarifa zikiongezeka katika miezi ya kwanza, usishtuke wala usimruhusu mwenye mradi aseme saiti imeharibika. Zikipungua ghafla, usiandike ripoti ya mafanikio. Angalia kwanza kama foremani amebadilishwa, kama kuna kontrakta mdogo mpya ambaye watu wake hawakuelezwa utaratibu, au kama kuna marekebisho yaliyoahidiwa na hayajafanyika. Kisha panda juu ya jukwaa ukaulize mwenyewe nani alikoswakoswa wiki hiyo.